Mgeni Njoo: Waigizaji wa Hollywood, Mlima Kenya na Deni la Turkana

Aprili 1959 Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Badala ya kuachiwa huru alihamishiwa Lodwar, akawekwa kizuizini huko hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Serikali ya kikoloni haikuichagua Turkana kwa kubahatisha. Ilikuwa wilaya iliyofungwa kisheria, mtu haingii wala hatoki bila kibali cha wakubwa. Lodwar haikuhitaji ukuta wa gereza. Jua kali, mchanga wa kingo za mto Turkwel na umbali wenyewe vilitosha kumzuia mtu.

Mwaka huohuo wa 1959, kwenye mteremko wa Mlima Kenya karibu na Nanyuki, Mmarekani mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuja Afrika kuwinda alinunua hoteli kwa kushirikiana na wenzake wawili. Jina lake William Holden, na sura yake ilijulikana katika kila mji uliokuwa na jumba la sinema. Kwa hiyo nchi moja, katika mwaka mmoja, ilikuwa na nyika mbili: ya kaskazini ya kufungia watu, ya mlimani ya kuwastarehesha. Jinsi starehe ile ya mlimani ilivyokuja kuzaa kituo cha kufundishia watoto wa Kenya ni historia inayostahili kusomwa Lodwar na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuliko mahali pengine popote.

Kijana wa Illinois

Holden alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 katika mji mdogo wa O'Fallon, jimbo la Illinois, akapewa jina la William Franklin Beedle. Jina la Holden alibandikwa na watu wa studio. Mwaka 1939 filamu ya Golden Boy ilimtoa gizani. Mwaka 1950 Sunset Boulevard ilimweka kwenye safu ya mbele. Na kwa kazi yake katika Stalag 17 ya mwaka 1953 alitunukiwa Oscar. The Bridge on the River Kwai, iliyotoka mwaka 1957, ilimtajirisha, kwa kuwa mkataba wake ulimpa sehemu ya mapato ya filamu badala ya mshahara peke yake.

Televisheni nayo ilimpa heshima yake. Mwaka 1973 aliigiza askari polisi mkongwe anayekaribia kustaafu katika tamthilia ya The Blue Knight, akazawadiwa tuzo ya Emmy. Miaka mitatu baadaye, katika filamu ya Network, alikuwa mkuu wa habari wa kituo cha televisheni kinachouza utu wake ili kipate watazamaji. Watu waliomjua walisema hakuupenda sana ulimwengu wa kamera. Aliupenda zaidi ule wa vumbi, hema na moto wa kuni, na kila alipopata nafasi alirudi Kenya.

Hoteli aliyoinunua ilikuwa na historia yake. Jengo la asili lilikuwa nyumba ya fahari iliyojengwa na matajiri wa kigeni miaka ya 1930, kisha ikageuzwa kuwa hoteli iliyoitwa Mawingo. Wenzake wawili walikuwa Ray Ryan, Mmarekani aliyechuma mali kwenye mafuta, na Carl Hirschmann, mwanabenki wa Uswisi. Wakaipanua na kuiita Mount Kenya Safari Club. Mstari wa ikweta ulipita kwenye viwanja vyake, na wageni walifurahia kupigwa picha mguu mmoja ukiwa kusini na mwingine kaskazini mwa dunia. Katika orodha ya wanachama yalimo majina kama Winston Churchill na Bing Crosby.

Mambo yanapaswa kusemwa yalivyo. Klabu ile haikujengwa kwa ajili ya wananchi. Waafrika wengi waliopita langoni mwake miaka ile walipita wakiwa wapishi, wahudumu na watunza bustani. Hata The Lion, filamu ya mwaka 1962 ambayo Holden aliiigiza hukohuko Kenya, ilikuwa kisa cha Wazungu na simba wao, mwenyeji akiwa pembeni ya picha. Kama maisha ya Holden nchini yangekomea hapo, yasingekuwa na la kutuambia.

Ranchi, na safari ya ziwani

Hayakukomea hapo. Mwaka 1967, akiwa na Don Hunt na Julian McKeand, alianzisha ranchi ya wanyamapori iliyopakana na klabu, yenye zaidi ya ekari 1,000. Hunt naye alikuwa mtu wa televisheni. Kule Detroit watoto walimjua kama "B'wana Don", mtangazaji wa kipindi cha wanyama. Alikuja Kenya, nyika ikamteka, studio akaipa kisogo. Yeye ndiye aliyebeba kazi ya kila siku ya ranchi: kukamata wanyama, kuwatibu, kuwahamisha kutoka palipovamiwa na mashamba na kuwapeleka penye nafasi, na kulea watoto wa wanyama waliopoteza mama zao.

Kazi ya kukamata ilikuwa na sura mbili. Baadhi ya wanyama walisafirishwa hadi bustani za wanyama za ng'ambo, na miongoni mwao walikuwemo bongo wa mlimani, yule swala mkubwa wa msituni mwenye rangi ya hudhurungi nyekundu na mistari myeupe iliyoshuka ubavuni kama maji ya chokaa. Wakati ule wengi waliona biashara hiyo ni ya kawaida. Kumbuka kwamba uwindaji wa leseni ulikuwa halali Kenya hadi serikali ilipoupiga marufuku mwezi Mei 1977. Kisa cha bongo tutakirudia, kwani mwisho wake haukutarajiwa na wengi.

Kaskazini nako Holden alifika. Mwaka 1969 televisheni ya Marekani ilionyesha kipindi maalumu kuhusu safari yake ya Ziwa Rudolf, ambalo wageni walikuwa wamelibandika jina la Bahari ya Jade kwa sababu ya ukijani wa maji yake. Ziwa hilo lilikuwa bado na jina la mwanamfalme wa Austria, ambalo wasafiri Count Teleki na Ludwig von Höhnel walilipa mwaka 1888. Jina la Turkana lilitangazwa rasmi mwaka 1975. Waliokaa mbele ya runinga zao Marekani waliliona ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 290 katikati ya jangwa, mamba, upepo, na watu wanaoishi kwa mifugo na samaki.

Kipindi kikaisha, wakazima runinga. Hiyo ndiyo tabia ya kamera ikifika kaskazini: huchukua picha, huchukua sifa, huondoka. Wakati huo usalama wenyewe ulikuwa wa mashaka. Mwaka 1965 mashifta walikuwa wamevamia hoteli ndogo ya Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, wakamuua meneja wake na padri mmoja. Mtu mwenye fedha aliyetaka kuwekeza nyikani aliangalia ramani, akahesabu hatari, akajenga karibu na Nanyuki ambako barabara na reli zilikuwepo. Pengo kati ya Lodwar na Mlima Kenya halikuletwa na tabianchi peke yake. Liliwekwa na sheria za wilaya zilizofungwa, na likakuzwa na kila mwekezaji aliyeishia pale lami ilipoishia.

Stefanie Powers anaingia

Stefanie Powers alizaliwa Hollywood kwenyewe, tarehe 2 Novemba 1942, katika ukoo wenye asili ya Poland. Tofauti na Holden, yeye alikuzwa na televisheni. Mwaka 1966 alipewa tamthilia yake mwenyewe, The Girl from U.N.C.L.E., akiwa jasusi. Jina lake lilivuma hasa kuanzia mwaka 1979, alipoigiza na Robert Wagner katika Hart to Hart, hadithi za mume na mke matajiri wanaojikuta kila wiki katikati ya mauaji na wizi wa kufumbua. Tamthilia hiyo ilidumu hadi mwaka 1984 na ilionyeshwa katika nchi nyingi.

Katika miaka ya 1970 yeye na Holden walikuwa wapenzi. Holden alimleta Kenya, na mara hii nyika ikampata mtu mwingine. Walisafiri pamoja, wakakaa ranchini, wakazungumza kuhusu jambo lililokuwa likimsumbua Holden: kwamba kulinda wanyama kwa uzio na bunduki ni kazi isiyo na mwisho iwapo watoto wanaoishi kando ya uzio hawajui kwa nini wanyama hao walindwe. Aliwaza kujenga kituo cha elimu. Hakukijenga. Pombe ilikuwa imemshika kwa miaka mingi, na uhusiano wao ukayumba kwa sababu hiyo.

Novemba 12, 1981, akiwa peke yake katika nyumba yake ya Santa Monica, California, Holden aliteleza akiwa amelewa, akagonga kichwa kwenye ncha ya meza, damu ikamtoka hadi akafa. Mwili wake ulipatikana siku nne baadaye. Mwezi huohuo, tarehe 29, Natalie Wood, mke wa Robert Wagner, alikufa maji. Waigizaji wawili wakuu wa tamthilia ileile wakawa wafiwa ndani ya mwezi mmoja, na bado walitakiwa kurudi kazini wakaigize mume na mke wenye furaha.

Matanga yana namna nyingi. Powers aliyafanya kwa kutimiza nia ya marehemu. Mwaka 1982 alianzisha Wakfu wa Wanyamapori wa William Holden, na kwenye ardhi iliyo kando ya ranchi kikajengwa kituo cha elimu. Akatafuta michango Marekani kwa kutumia jina alilolichuma kwenye televisheni, akajenga makao yake ya pili Mlima Kenya, na kwa zaidi ya miongo minne amekuwa akigawa maisha yake kati ya jukwaa na kituo hicho.

Kinachofanyika pale ndicho kiini cha habari yetu. Wanafunzi huletwa na mabasi ya shule kutoka vijijini. Wengi wao wamekulia karibu na tembo na nyani, nao wanawajua wanyama hao kama wezi wa mahindi tu. Kituoni hufundishwa jinsi msitu unavyotunza maji ya mto wanayoyachota, na huonyeshwa kwa vitendo namna ya kupika kwa gesi inayotokana na samadi ya ng'ombe ili kuni zipungue. Mtoto huona samadi ikiingia upande mmoja, na moto wa buluu ukiwaka jikoni upande wa pili. Somo la namna hiyo halihitaji filamu. Akirudi nyumbani humweleza mama yake, na mama ndiye mwenye kuamua juu ya kuni.

Bongo warudi

Nao bongo? Porini hali yao ilizidi kuwa mbaya. Ujangili, mbwa wa wawindaji, ukataji miti na magonjwa ya mifugo viliwapunguza, hadi wanaobaki katika misitu ya Kenya wakakadiriwa kuwa chini ya 100. Wakati huohuo vizazi vya wale waliopelekwa Marekani vilikuwa vimeongezeka katika bustani za wanyama. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani walirudishwa kwa ndege hadi Kenya na kupelekwa kwenye ranchi ileile chini ya mlima, waanze kuzaliana nyumbani.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mnyama aliyezaliwa kwenye zizi hajui chui wala kupe wa msitu, na damu yake haina kinga ya magonjwa ya huku. Wale wa mwanzo hawakufunguliwa porini. Vizazi vyao ndivyo vilivyoandaliwa. Mwaka 2022, miaka 18 baada ya ndege kutua, bongo wa kwanza waliachiwa katika hifadhi ya Mawingu, sehemu ya msitu iliyotengwa kwa ajili yao ili wazoee kujitafutia kabla ya kwenda msitu mpana. Hunt aliyeshiriki kuwatoa msituni akawa pia sehemu ya kuwarudisha. Wapo wanaosema alilipa deni. Wapo wanaosema asingewatoa wasingekuwepo hata wa kurudisha. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake.

Na kaskazini je?

Ukitoka Lodwar kuelekea mashariki, unapita mchanga laini hadi ufike Eliye, ambako chemchemi hububujika chini ya mikoma na maji yake hutiririka hadi ziwani. Wageni walijengewa hoteli pale, ikaachwa ikaharibika, baadaye ikafufuliwa. Upande wa juu kidogo, kwenye ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol, ilikuwepo hoteli ya wavuvi matajiri waliokuja kwa ndege kuvua sangara. Maji yalipokimbia ufuko, wageni nao wakakimbia. Hapohapo Kalokol ndipo Norway ilipojenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kisha kikabaki jengo. Kila mradi ulikuja na nia njema. Iliyokosekana ni mtu wa kubaki, na wenyeji wa kukabidhiwa.

Kamera hazikuacha kuja. Mwaka 2004 filamu ya The Constant Gardener ilipigwa picha Loiyangalani na Kibera. Heri hiyo: watengenezaji wake waliona umaskini wa mahali walipofanyia kazi wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wakazi. Mwaka 2014 ikatoka The Good Lie, filamu kuhusu vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita hadi Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, kisha wakapelekwa Marekani. Miongoni mwa waigizaji wake ni Ger Duany na Emmanuel Jal, ambao wenyewe waliguswa na vita ile wakiwa watoto. Lakini sehemu za Afrika zilipigwa picha Afrika Kusini. Kakuma ilitoa kisa, Afrika Kusini ikapata ajira.

Hata hivyo Kakuma ina jambo ambalo Nanyuki ya mwaka 1959 haikuwa nalo. Tangu mwaka 2001 shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha filamu kambini jioni, skrini ikiwa imefungwa kwenye lori na watu wameketi chini kwenye vumbi, Waturkana wa jirani wakichanganyika na wakimbizi. Baadaye likaanza kufundisha vijana kuandika, kupiga picha na kuhariri filamu zao wenyewe, kuhusu kipindupindu, ndoa za mapema, au safari ya kwenda kuchota maji. Kambi ya Kakuma na makazi ya jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000, na ndani yao wamo waigizaji ambao hakuna studio iliyowahi kuwasikia.

Na nyika ipo. Sibiloi, kando ya ziwa, ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1973. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa ziwa, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya mvulana aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita. Mbuga za Ziwa Turkana ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III huko Ethiopia, kwenye mto Omo ambao ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa. Hakuna mahali Kenya penye haja kubwa zaidi ya kituo cha kumweleza mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkimbizi maji yao yanatoka wapi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Holden alikuja, na mwenyeji hakupona kwa hoteli wala kwa filamu. Alianza kupona pale nyota mmoja wa televisheni alipoamua kubaki, akajenga darasa, akalilea miaka zaidi ya 40 wakati kamera zilikuwa zimekwenda kwingine. Umaarufu ulileta fedha, lakini kazi ilifanywa na subira, pamoja na Wakenya walimu na walezi wa wanyama ambao majina yao hayaonekani kwenye bango lolote.

Serikali ya kaunti ya Turkana inapokaribisha watengeneza filamu na wawekezaji wa hoteli za ufukweni, iwawekee sharti moja katika mkataba: kila anayechukua picha ya ziwa au kisa cha Kakuma aache nyuma darasa lenye mwalimu na bajeti ya miaka kumi. Nanyuki ilisubiri zaidi ya miaka 20 tangu klabu ifunguliwe hadi darasa lijengwe. Turkana haina sababu ya kusubiri hivyo, wala ya kumngoja mwigizaji wa ng'ambo, maana wa kwake mwenyewe wanajifunza kazi hiyo Kakuma.